Kizungu cha Fundi wa Pantoni

Vikombe vyangu vilivuka mto Tana mara nyingi kuliko mimi mwenyewe. Fundi alikuja hotelini kwangu asubuhi, akachukua chai, akaanza kuinywa akiwa mlangoni, kisha akaondoka na kikombe. Ukimtafuta utamkuta ng'ambo, upande wa barabara ya Lamu, amesimama kwenye pantoni anatazama waya, na kikombe changu kiko juu ya boriti kimeingia mchanga. Nilimwambia akae anywe kama watu. Akasema, "Mama Bakari, nikikaa nafikiri. Nikifikiri, chai inakuwa chungu." Akaondoka na kikombe kingine.

Pale Garsen tulimwita Fundi, basi. Wazungu wengine waliopita walikuwa Bwana huyu na Bwana yule, lakini yeye alikuwa na mafuta meusi mpaka masikioni, na alilala chini ya malori ya serikali kifua wazi, kwa hiyo Bwana haikumkaa. Kazi yake ilikuwa kuangalia pantoni ya kuvukia isizame, na pampu za maji za Ngao na Ndera, na wakati mwingine kupanda lori mpaka Bangale kuona mashine ya kisima. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye upara ulioungua kwa jua ukachubuka, ukapona, ukachubuka tena. Sijui alizaliwa lini wala baba yake alikuwa nani. Nilimjua miaka ile ya hamsini, nami wakati huo nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja na sufuria chache, nauza chai na mahamri kwa watu wanaongoja kuvuka.

Siku aliyofika, wazee wa kwetu waliokuwa wakingoja pantoni walimsalimia kama wanavyomsalimia kila mtu. "Salaam aleikum." Mzungu mwingine angesema jambo, au angepita. Huyu aliitikia, "Aleikhem sholem," bila hata kugeuka, kama mtu aliyeitikia hivyo tangu utotoni. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema huyu ni Mwislamu aliyefundishwa vibaya. Wakamwuliza. Akasema yeye si Mwislamu. Basi Mkristo, kama watu wa misheni ya Ngao? Akasema hapana, huko ndiko hayuko kabisa. "Mimi Myahudi," akasema, "lakini si Myahudi mzuri." Jina hilo wazee walilijua kutoka msikitini, lakini Myahudi mwenyewe, mwenye viatu na spana, hawakuwa wamewahi kumwona. Wakamsogezea nafasi kwenye gogo. Aliwashukuru, akaenda kugonga mapipa ya pantoni kusikiliza kama yanavuja.

Maneno yake tuliyapata hivyohivyo, yeye akiwa njiani kwenda mahali. Hakufundisha. Yalimdondoka, sisi tukaokota. Nayaandika hapa kama sikio langu lilivyoyapokea, mwenye kuyajua vizuri anivumilie.

La kwanza kutuingia lilikuwa nu. Ni neno dogo na maana yake inategemea uso. Lori limekwama kwenye matope, Fundi anamtazama dereva: "Nu?" Hapo ni kusema, sasa utafanya nini. Nimechelewa kumpa chai: "Nu?" Hapo ni nangoja. Mtu anamsimulia habari ndefu ya ndama aliyechukuliwa na mamba, anafika mwisho, Fundi anashusha mabega: "Nu." Hapo ni basi, tufanyeje. Wavuta pantoni walilipenda kwa kuwa linatoka upesi. Haukupita muda, mtu akisimama ng'ambo akitaka kuvushwa hakuita tena kwa jina. Alitia viganja mdomoni akasema nu, nao wakaenda.

Likafuata lile la kuvuta. Pantoni yetu ilikuwa jukwaa la mbao juu ya mapipa, limeshikizwa kwenye waya mnene uliotoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Vijana waliushika waya kwa mikono wakatembea, na pantoni ikasogea chini ya miguu yao. Mto ukijaa, kazi hiyo ilivunja migongo. Fundi hakulazimika kuvuta, lakini akiona waya umekaza aliruka akaushika pamoja nao, akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu jana, "Shlep, shlep, maisha yote shlep." Maana yake ni kukokota kitu kizito ambacho hukukitaka. Vijana wakalilainisha likawa kushilepa. Nimeshilepa, tutashilepa, usinishilepe. Wanawake wakawa wanashilepa ndoo za maji. Kijana mmoja alimshtaki mkewe kwa wazee kwamba kila Ijumaa anamshilepa kwenda kwa wakwe, na wazee wakalielewa shtaka bila kuuliza.

Injini ikilia vibaya, Fundi alilaza sikio juu ya boneti, akasikiliza, akasema, "Haijaharibika. Inakvech tu." Kukvech ni kulalamika bila kutaka kusaidiwa. Nilimwambia basi hata yeye anakvech kutwa nzima. Alikubali mara moja. Alisema kwao mtu asiyekvech walimpeleka kwa daktari.

Lakini kuna neno alilonikosea nalo, na sikumsamehe upesi. Ilikuwa Idi, nimevaa leso mpya zilizotoka Lamu, nyekundu, bado zina harufu ya duka. Fundi akaniona, uso ukamng'aa, akasema, "Mama Bakari, shmate nzuri sana." Nikafurahi. Neno hilo nikalitembeza kwa majirani. Kisha, Idi imepita, nikamsikia chini ya lori akimwambia msaidizi wake, "Nipe ile shmate nifute mafuta," na nikaona alichopewa. Kilikuwa tambara, tena jeusi. Nikarudi zangu jikoni. Tangu hapo kila alipokuja kutaka chai nilimwambia maji hayajachemka, na moshi anauona. Mwishowe akauliza kosa lake ni nini. Nikamwambia. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba kwao hata nguo ya harusi huitwa hivyo kwa mapenzi, maana ukikisifu mno kitu kizuri utakitia jicho. Hilo la jicho nililielewa. Hata kwetu mtoto mnene hasifiwi mbele za watu. Maji yakachemka.

Aliyegombana naye zaidi ni Barisa, mfugaji wa Kiorma, mtu mrefu, mwenye ng'ombe wengi na asiye na haraka na lolote. Kiangazi kimoja alishusha ng'ombe wake mtoni wakakanyaga bomba la pampu likapasuka. Fundi alitoka mbio, spana mkononi.

"Wewe meshuga," akamwambia.

"Meshuga nini?"

"Kichaa."

Barisa akalipima neno. "Mimi hapana kichaa," akasema. "Lakini ile," akaonyesha fahali mweusi mwenye pembe iliyoinamia jicho, "ile ndiyo kichaa. Ile ndiyo ilianza."

Tangu siku hiyo fahali akaitwa Meshuga. Barisa alimwita kwa jina hilo kutoka mbali, na fahali akaja. Siku ileile, Fundi akiwa amepiga magoti kwenye matope anajaribu kuziba bomba, Barisa alimwambia kwa upole angoje kidogo kuziba, maji yanatoka vizuri, ng'ombe wanywe kwanza. Fundi akaacha spana. Akanitazama mimi niliyekuwa nimeleta chai. "Hii," akasema, "kwetu inaitwa hutspa." Aliponieleza nikamwambia sisi tunaita macho makavu. Akalijaribu mdomoni: macho makavu, macho makavu. Akasema limemtosha. Na ng'ombe wakanywa.

Jambo la samaki lilinisumbua muda mrefu. Fundi alimsema Mungu vibaya. Si kwa matusi. Alimsema kama unavyomsema jirani aliyehama bila kuaga. Hakuswali, hakufunga, na Jumamosi, ambayo nasikia ndiyo Ijumaa yao, alivuta sigara na kupiga nyundo kama siku nyingine. Lakini ukimwekea kambare, samaki ambaye sisi tulipigania kichwa chake, alisukuma sahani. Nilidhani hapendi mafuta yake. Nikamchoma juu ya makaa. Akasukuma. Nikimpikia perege anakula mpaka mifupa ibaki mitupu.

"Kambare hana magamba," akaniambia siku moja. "Bibi yangu alisema asiye na magamba haliwi."

"Na bibi yako yuko wapi?"

"Hayuko."

"Lakini si unasema Mungu humtaki?"

"Mungu simtaki," akasema. "Bibi namtaka." Akachukua kikombe akatoka.

Sasa nieleze yaliyompata ndugu yangu Komora, maana hayo ndiyo yaliyotujulisha kwamba hatukuwa tukijua tulichokuwa tukisema. Komora alitaka kazi ya utarishi kule boma, na tarishi alitakiwa ajue Kiingereza kidogo. Shule hakwenda sana. Akaona njia ya mkato: Mzungu yupo pale pantoni kila siku na maneno yanamdondoka. Akakaa naye, akavuta waya naye, akayakusanya yote, akayatamka usiku na mchana mpaka tukamwomba anyamaze. Sote tuliamini ni Kiingereza. Kingekuwa nini kingine?

Siku ya siku akaoga, akaazima viatu, akaenda mbele ya bwana wa boma, Mwingereza kijana mwenye haraka. Bwana akamwuliza kwa Kiswahili kama anajua Kiingereza. Komora akasema anajua. Bwana akamwuliza jambo kwa Kiingereza. Komora akakisia anaulizwa amewahi kufanya kazi gani, akajibu, "Gornisht," yaani hakuna kitu. Bwana akauliza tena, polepole. Komora akamwonea huruma, akadhani Kiingereza chake ni kidogo, akamsaidia. "Nu," akamwambia, "gornisht. Oi vei," ndiyo ole wangu ya Fundi.

Leo tunacheka. Wakati ule ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na Mwafrika kuonekana anamdhihaki mzungu mezani kwake halikuwa jambo la kucheka. Komora alishikwa mkono, akafungiwa chumba cha askari, akaulizwa nani amemtuma, anakutana na nani, hayo maneno ni ya chama gani. Na kila alivyozidi kuapa kwamba ni Kiingereza ndivyo walivyozidi kukasirika. Askari mmoja wa kwetu alipopita kuvuka mto ndiye aliyetuletea habari.

Fundi alikuwa mlangoni kwangu. Alipoelewa, uso wake ukawa mweupe hata juu ya upara. Alipanda lori la kwanza lililokuwa linaelekea boma, na mafuta yake mwilini, bila shati.

Komora ndiye aliyetusimulia mengine. Alitolewa chumbani akasimamishwa pembeni, na Fundi alikuwa mbele ya meza anazungumza na yule bwana. Komora hakuelewa hata neno moja, na hapo ndipo alipojua kwa hakika kwamba Kiingereza hakijui. Fundi aliongea kwa sauti ya chini, kwa muda. Yule bwana aliuliza swali. Fundi akajibu kwa maneno machache sana. Bwana akatazama karatasi zake bila kuzisoma, kisha akanyanyuka akafungua mlango mwenyewe. Wakarudi juu ya lori wamekalia magunia, na njia nzima Fundi hakusema nu wala chochote.

Hotelini nilimkabili. "Mbona hukutuambia si Kiingereza?"

"Hamkuniuliza."

"Basi ni lugha ya nani?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani kwenu ni wapi?"

Akaelekeza mkono upande wa kaskazini, akausogeza kidogo, kana kwamba hata yeye hakuwa na uhakika. Komora akamwuliza watu wanaoisema ni wengi? Fundi akasema, "Walikuwa wengi." Akatoka nje akatembea ukingoni mpaka kwenye mashamba ya migomba, akarudi, akaenda tena. Sikumwita. Tulikuwa tumesikia juujuu habari za vita vya Ulaya, na za Wayahudi waliouawa huko, kutoka kwa vijana waliochukuliwa kupigana wakarudi. Nikaunganisha mwenyewe, na sikumwuliza tena siku zote alizokaa kwetu.

Baada ya hapo alimfundisha Komora Kiingereza chenyewe, pale pale juu ya waya, na Komora alikuja kuipata kazi ya utarishi kwa bwana mwingine. Lakini nililotaka kusimulia si hilo. Ni kwamba Komora alipomshukuru, Fundi alisema yule bwana wa boma si mbaya, ila si mench.

"Mench ni nini?" nikauliza.

"Mtu."

"Na yeye si mtu?"

"Mtu ndiyo. Lakini mench ni mtu ambaye..." Akakwama. Akazungusha mkono hewani. "Kiingereza hawana neno. Nimekaa nao, nimewatafutia, hawana."

Nikamwambia sisi tunalo. Tunasema fulani ni mtu. Si kwamba yule mwingine ni mbuzi. Ni kwamba huyu ana utu. Fundi akatulia kabisa, na kwake yeye kutulia kulikuwa jambo la kutisha kidogo, nilidhani anaumwa. Akanifanya niseme tena.

"Mtu," akarudia. "Neno lilelile? La mtu yeyote, na la mtu kweli?"

"Lilelile."

Siku hiyo alikunywa chai palepale, kikombe juu ya kikombe, akilitamka peke yake.

Huyu ndiye Fundi niliyemjua: mwenye hasira za haraka zisizokaa, mwoga wa mamba ambaye aliogelea kukomboa mbuzi wa mtu, mwenye kusema kila jioni kwamba kesho anaondoka kwenye joto hili na mbu hawa, na asubuhi yupo. Alihama nyumba kila mara. Alijenga kibanda ng'ambo, akakiacha, akajenga huku, akalala pantoni, akalala kwenye lori. Ukimwuliza anatafuta nini, anasema upepo. Sisi tulizoea. Hata mimi nilianza kuwa hivyo. Nilijikuta nimesimama mlangoni bila sababu, natazama njia, kama kwamba kuna mtu aliyesema atakuja.

Aliyemwondoa si joto. Huko juu ya mto serikali ilikuwa imezungushia ua wa seng'enge mahali pa kuwekea wafungwa walioletwa kutoka bara. Sisi tuliyaona malori yakipita, turubai zimefungwa, askari wamekaa nyuma. Fundi akatumwa huko. Kulikuwa na mashine mbili zimekufa, moja ya kuvuta maji mtoni, na moja ya umeme wa taa za ule ua. Alikwenda na sanduku lake la vifaa, akilalamika juu ya barabara.

Aliporudi hakuja kwangu kwanza. Nilimwona amesimama pantoni ikienda na kurudi, yeye haguswi na safari. Mwishowe akapanda ukingo kuja kwangu.

"Zimepona?" nikauliza.

"Ya maji imepona."

"Na ya taa?"

"Haikupona."

"Imekushinda?"

"Haikunishinda."

Nikampa chai. Hakuichukua. Akaniambia alipofungua ile mashine ya taa aliona ugonjwa wake papo hapo, tundu dogo la mafuta limeziba, kazi ya kupuliza tu. Bisibisi alikuwa nayo mkononi. Akanyanyua macho kufuta jasho. Nyuma ya seng'enge wanaume walikuwa wamepanga mstari na makopo wanangoja maji, wamenyamaza, wanamtazama. Akafunga kifuniko. Akamwambia mkubwa wa pale kwamba kifaa kilichovunjika hakipatikani nchi hii.

"Na walikuamini?"

"Leo wameamini."

Hawakuamini kwa muda mrefu. Fundi mwingine aliletwa kutoka Mombasa, akapuliza lile tundu, taa zikawaka. Kila mtu akajua. Nilimwuliza basi palikuwa na faida gani, amejiharibia kazi na taa zimewaka vilevile.

"Walipata giza kidogo," akasema.

Ikaja amri aondoke. Hakuna aliyepigwa wala kufungwa. Alipewa nafasi kwenye lori la Nairobi kupitia Malindi. Asubuhi hiyo alikagua waya wa pantoni wote kwa mkono, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa, akawaonyesha vijana mahali pa kutia grisi. Kisha akapanda mbele ya lori, na lori likaondoka huku anaongea bado, na kikombe changu dirishani. Barisa alikuwa ameambiwa, akaja na mbuzi wa kumpa, lakini alikuja kwa mwendo wake. Akakuta vumbi. Alimfuata na yule mbuzi kwenye barabara ya Malindi kitambo kizuri kabla ya kukubali kurudi.

Ikapita miaka. Bakari akawa mkubwa. Sikutarajia kumwona tena.

Ilikuwa wakati wa ukavu, barabara nzuri, uhuru bado haujaja. Gari dogo la kijivu likafika likitoka Malindi, linakwenda Lamu. Pantoni ilikuwa ng'ambo. Akatoka Fundi, upara uleule, amevaa shati safi lililofungwa vifungo vyote. Alinishika mikono miwili, akaniuliza nani yu hai na nani hayupo, na kabla sijamaliza akaona waya. "Nani alifunga hivi?" akasema, akateremka mtoni.

Garini alibaki mama wa Kizungu, mnene kidogo, nywele za mvi, mkoba mapajani. Alikuwa mkewe, aliyemwoa Nairobi uzeeni. Akashuka, akasimama kwenye jua hajui aende wapi. Bila kufikiri nikamwambia kama Fundi alivyokuwa akiniambia akitaka nikaone kitu alichokitengeneza. "Kim aher," nikasema. Njoo hapa.

Yule mama alisimama. "Nini?"

"Kim aher, mama. Njoo kivulini."

Akaja, akaweka mkoba mezani, akanitazama mdomo. "Kum," akasema. "Kum aher."

"Kim," nikasema. Ndivyo nilivyoipata.

Akacheka. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni la Nairobi. "Kule Ulaya mimi ni ya kaskazini," akasema. "Sisi nasema kum. Watu ya bwana yangu hii nasema kim. Bwana yangu ya kwanza pia alisema kim." Kisha hakucheka tena. "Nani alifundisha wewe?"

Nikaonyesha mtoni.

"Hapana," akasema. "Yeye hajui hii lugha. Alisahau. Aliniambia alisahau yote. Tangu sisi naoana, mimi nikisema, yeye najibu Kiingereza."

Sikujua kama nimevunja nyumba ya mtu. Lakini yeye alisogeza kiti karibu, akaniuliza nayajua mangapi, na sikuweza kumnyima. Nikampa moja moja, ya kuvuta na ya kulalamika, ya kichaa na ya tambara. Alilipokea kila neno kwa midomo, akilisema kwa kimya baada yangu. Nikaona kijicho kidogo usoni mwake, kikapita.

"Kwa nini wewe?" akauliza. "Kwa nini mimi hapana?"

Nilitafuta maneno mepesi. "Sisi hatukumwelewa, mama," nikasema. "Alitupa neno moja, tukachukua neno moja. Wewe unaelewa yote. Akianza na wewe, itabidi aseme yote."

Akaweka mkono juu ya mkoba. Fundi akaingia anafuta mikono kwenye suruali safi.

Mkewe akamwambia jambo kwa lugha yao. Fupi, kwa sauti ndogo, mwisho ukipanda kama swali. Fundi akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akajibu kwa Kiswahili. "Pantoni imefika. Twende."

Mama hakuinuka. Akauliza tena, maneno yaleyale, vilevile.

Nilidhani ataondoka. Aliutazama mto. Alishika nguzo ya mlango, akafungua kifungo cha juu cha shati, na akaanza. Kwanza neno, kisha mengine mawili, kisha yakatoka bila kukatika, na halikuwamo hata moja nililolijua. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kumsikia akiongea lugha yake. Sauti ilikuwa nyingine, ya chini, ya kijana. Mkewe hakumkatiza. Alikuwa na kidole juu ya meza, anakisogeza taratibu kama mtu anayefuata mstari wa msahafu chuoni.

Huko nje lori nyuma ya gari lao lilikuwa linapiga honi, na wavuta waya wanaita. Nikapangusa mikono, nikateremka mpaka pantoni.

"Chukueni lori kwanza," nikawaambia.

"Na gari la Fundi?" akauliza mmoja. "Ndilo la mbele."

"Liacheni."

"Litangoja mpaka lini?"

"Mpaka amalize."

Wakalizungusha lori, wakalipandisha, wakaushika waya. Nilibaki pale ukingoni juani, sikurudi hotelini. Pantoni ilipofika ng'ambo, ikapakia watu wa huko, ikarudi, vijana wakanitazama mimi. Nikawaambia waende tena.